Beseni la Kwenda Ukweni

Ndugu zangu wa Mabatini, na ninyi wa kanisani, mmeniuliza mara nyingi nilikwenda kufanya nini Ukerewe, na kwa nini nimerudi na uso mwepesi kuliko nilioondoka nao. Kwa mdomo sijui kusimulia; nikianza naishia njiani. Kwa hiyo nimeandika polepole, kila jioni baada ya kufunga kibanda changu cha kutengeneza baiskeli. Binti yangu Sara amenisahihishia herufi. Mengine yote ni yangu.

Mnajua kwamba mke wangu Yunis tulimzika kwetu Misungwi. Msilolijua ni neno aliloniambia hospitalini akiwa bado na sauti. Hakuongea habari za nyumba wala za watoto. Alisema, "Miguu ya mama. Usiiache." Mama yake, yaani mama mkwe wangu, anaishi Ukerewe na ana kidonda cha kisukari mguuni. Miaka yote Yunis alikuwa akivuka ziwa kila alipoweza, anakwenda kukiosha na kukifunga, na asipoweza kwenda, mama yake alikubali kuoshwa na Rebeka, mke wa kaka yake Yunis, ilimradi Yunis awe kwenye simu.

Baada ya msiba, kaka wa Yunis, shemeji yangu Mathiasi, alinipigia. Mama yao hataki tena mtu aguse mguu ule. Rebeka akisogea na maji, anaufunika kwa khanga na kugeukia ukutani. Anasema aliyekuwa mikono yake ametangulia, naye anamfuata. Muuguzi wa zahanati alishawaambia kwamba kidonda kikiachwa hivyo mguu utakatwa, na kwa umri wa mama huenda asiamke kutoka huko kwenye kukatwa. Mathiasi hakuniomba niende. Aliniambia tu ili nijue.

Ndipo nikaamua kwenda. Shida ni kwamba mimi ni mkwe.

Misungwi

Nilianzia Misungwi kwa sababu sikutaka kuvuka maji bila kuwaambia watu wangu. Baba mdogo Masanja nilimkuta uani anakula matobolwa, vile viazi vyetu vilivyochemshwa na kukaushwa, pamoja na karanga. Nilimsalimu, nikakaa, nikamweleza nia yangu. Aliacha kutafuna.

Kwa wasiojua desturi yetu niseme: mkwe mwanamume na mama mkwe hawashikani mikono, hawali pamoja, na wakikutana njiani mmoja huchepuka. Sio chuki, ni heshima. Katika ndoa yangu yote mama mkwe nilikuwa nimemwona uso mara chache sana, tena kwa pembeni. Tukizungumza, Yunis ndiye aliyebeba maneno kutoka chumba hiki kwenda kingine.

"Utaanza na miguu," baba mdogo alisema, "kesho tusikie umembeba mgongoni."

Mama mdogo alimjibu kutoka jikoni, "Na wewe ukiugua nani atakuosha? Hao ng'ombe?"

"Ng'ombe wangu wana adabu. Hawajawahi kuingia ndani kwa mama mkwe."

Tulicheka wote, hata mimi. Halafu akaniuliza kwa upole kama kweli Mungu anaweza kumwagiza mtu avunje heshima. Mimi niliishia darasa la saba, na mambo ya namna hiyo nawaachia wachungaji. Nilimwambia tu kwamba kanisani kwetu tunaoshana miguu kabla ya Meza ya Bwana, wanaume kwa wanaume, wanawake kwa wanawake, na kwamba jambo moja limekuwa likinisumbua tangu Yunis afariki. Siku hiyo kila mmoja wetu huja ameshaosha miguu nyumbani kwa sabuni, amevaa soksi safi. Tunaoshana miguu iliyo safi. Sijawahi kanisani kushika mguu unaonuka. Yunis alikuwa akiushika, na wala hakuwa shemasi.

Baba mdogo hakusema nenda, hakusema usiende. Alimwambia mama mdogo anifungie matobolwa ya njiani.

Nilipita kaburini. Nilisimama nikataka kuomba, neno halikuja. Machozi pia hayakuja. Tangu siku ya kuzika yalikuwa hayajaja. Nilipanda gari kurudi mjini Mwanza, nikachukua beseni la buluu ambalo Yunis alilitumia kwa kazi ile, nikaweka ndani taulo, sabuni, chumvi na bandeji, nikaenda bandarini.

Bandarini

Ziwa lilikuwa limechafuka. Tuliambiwa meli haitoki mpaka upepo upungue, na hakuna aliyejua utapungua lini. Watu walitandika khanga chini, wakakaa juu ya magunia yao. Mimi nilikaa juu ya ukingo wa saruji na beseni mapajani.

Ugumu wa kusubiri pale ni kwamba nyumbani ni karibu. Nilikuwa naiona milima ya kwetu. Bajaji moja tu na ningekuwa Mabatini kitandani kwangu, na hakuna ambaye angenilaumu. Sitawadanganya, nilisimama mara mbili niondoke. Mara ya kwanza mama wa chapati alidhani nimesimama kununua, akaniwekea na maharage, nikaona aibu nikala. Mara ya pili mlinzi wa geti alitazama beseni langu na taulo juu yake akaniambia kwa huruma, "Kaka, umepotea. Hospitali siyo huku." Nikarudi kukaa.

Nilimwambia Mungu kwamba kama hataki niende, basi auache upepo uendelee. Ilikuwa sala ya kwanza kutoka kinywani mwangu baada ya muda mrefu, na ilikuwa sala ya mtu anayetafuta kisingizio. Kabla sijamaliza matobolwa yangu, tukaitwa kupanda. Upepo ulikuwa umelala kabisa.

Ndani ya meli

Mlinzi yule hakuwa peke yake. Ninyi mliozaa mnajua: mama akienda kujifungua, beseni ni lazima. Mwanamume mwenye beseni la plastiki na taulo safi, anayeonekana hajalala, kwa watu ana maana moja tu. Aliyekaa karibu nami alikuwa mfanyabiashara wa nguo, mwanamke wa Kiislamu wa makamo, abiria wengine walimwita Mama Zuwena. Alinitazama muda mrefu, akatabasamu.

"Hongera, baba. Ni wa ngapi huyo?"

Ningeweza kusema "wa nne" tukaishia hapo. Ulimi ulikataa. Nikamwambia, "Dada, sina anayejifungua. Mke wangu nimemzika. Hili lilikuwa beseni lake."

Alijiziba mdomo. Mkono mwingine tayari ulikuwa ndani ya marobota yake, ukinichagulia khanga ya zawadi ya mtoto. Aliomba msamaha, akarudia, mpaka mimi ndiye niliyeanza kumbembeleza. Kisha aliniuliza basi beseni ninalipeleka wapi, nikamweleza yote. Sikuwa nimemweleza mtu baki. Kwa mtu ambaye hutamwona tena, maneno huteremka yenyewe.

Alinisikiliza bila kunikatiza. Hakunipa ushauri, nami nilishukuru kwa hilo. Alifungua kikapu chake akatoa sato wa kukaanga na viazi, akamgawa samaki yule katikati, akanipa upande wenye kichwa. Baadaye kundi la vijana waliokuwa wanacheza karata walianza kunitania; mmoja akauliza kama mzee ameanza biashara ya kuogesha watu melini. Kabla sijafungua mdomo Mama Zuwena aligeuka.

"Huyu anakwenda kwa mama yake," alisema. "Chezeni karata zenu."

Nikataka kumsahihisha kwamba si mama yangu, ni mama mkwe. Nikaacha. Tulipofika Nansio, bandari ya Ukerewe, khanga ile alinipa hata hivyo, akasema huko ninakokwenda kuna mwanamke, na mwanamke hakosi kazi ya khanga.

Kutoka Nansio

Nilimpata kijana wa bodaboda wa kunipeleka upande wa Murutunguru, kwao Yunis. Jambo la kwanza aliniuliza kama mabeseni mengine yote nimeshauza limebaki hilo moja. Nilimwambia siuzi. Akasema, "Haya mzee, lakini likishika upepo tutaruka."

Alikuwa anasema kweli. Kwenye uwazi, beseni lilivuta pikipiki kama tanga, tukayumba mpaka nikalikumbatia kifuani kama mtoto. Kisha mvua ikaja, ile ya visiwani isiyotoa taarifa. Nikalivaa kichwani. Yule kijana alinitazama kwenye kioo akacheka hadi akasimamisha pikipiki. Tulijikinga kwenye kibaraza cha duka moja, akaninunulia chungwa, nami nikamnunulia chungwa, tukabaki tumesimama tunamenya huku maji yanapita barabarani mekundu. Nilijisikia vizuri kwa muda mfupi, halafu nikakumbuka ninakokwenda na chungwa likawa chachu.

Ukweni

Hapa ndipo nilipokosea, na sikujua nakosea.

Niliingia uani nikiwa nimelibeba beseni mbele, na ile khanga ya Mama Zuwena nimeikunja juu yake isilowe. Rebeka alikuwa anaanika muhogo. Aliniona, akaona beseni. Alilijua, alikuwa ameliona mikononi mwa Yunis mara nyingi. Hakunikaribisha. Alikaa chini palepale akaanza kulia kwa sauti, na kutoka ndani ya nyumba ya mama nikasikia sauti nyingine ikiitikia kilio. Majirani wakaanza kuja. Nilisimama katikati ya uwanja kama mtu aliyeleta habari za kifo kingine.

Mathiasi ndiye aliyenieleza, baada ya kunivuta pembeni. Kwa wazee wa familia yao, mkwe akifiwa na mke akaja mwenyewe na chombo cha marehemu na nguo juu yake, maana yake anakirudisha. Amefunga njia. Kuanzia siku hiyo hawa si wakwe zake na yeye si mtoto wao. Watoto wataletwa kusalimia, lakini yeye hatakanyaga tena. Mimi, kwa ujinga wangu, nilikuwa nimewasili kuuvunja undugu mbele ya kijiji kizima.

Rebeka alitoka ndani na maneno ya mama. "Anasema urudi nalo. Anasema mtoto wake amempoteza mara moja, hataki kumpoteza mara ya pili."

Nilimwomba arudi ndani amwambie sikuja kurudisha kitu. Nimekuja kuosha mguu. Yunis ndiye aliyenituma.

Rebeka alinitazama kama mtu asiyejua kama amenisikia vizuri. Alikwenda. Alikaa ndani sana. Alipotoka, jibu lilikuwa fupi: haiwezekani, mkwe hamwoni mama mkwe, na mguu wenyewe si wa kuonwa na mtu. Nilipelekwa nyumba ya Mathiasi, nikapewa ugali wa muhogo na dagaa, wakaniheshimu sana, na hakuna aliyelitaja tena jambo lile.

Asubuhi nilichemsha maji. Niliyatia chumvi kama nilivyomwona Yunis akifanya, nikayaacha yapoe kidogo, nikalipeleka beseni mpaka nje ya mlango wa mama. Niliweka kigoda nikakaa, nimeupa mlango mgongo. Nikasema kwa sauti ya kusikika, "Mama, maji yapo. Mimi nipo nje." Yalipopoa kabisa niliyamwaga kwenye migomba nikarudi kwa Mathiasi.

Siku iliyofuata nilifanya vilevile, na iliyofuata tena. Watu wakazoea kupita wakinitazama. Mzee mmoja alimuuliza Mathiasi, nikisikia, kama shemeji yake amekuja kumwagilia migomba. Mathiasi mwenyewe alianza kuona aibu. Aliniambia kwa upole, "Shemeji, umejaribu. Mungu ameona. Inatosha."

Nililifikiria neno lake. Niliona kwamba kumlazimisha mama sikuamriwa, na kumponya si kazi yangu. Nilichoweza ni kupeleka maji. Kama yatapoa, yatapoa. Nikamwambia Mathiasi kesho nitapeleka tena, na siku atakayonifukuza mama mwenyewe nitaondoka. Hakunifukuza, mmeona? Alikuwa anakataa, lakini hakuwa amenifukuza.

Asubuhi ile nikiwa nimekaa kwenye kigoda, nilisikia Rebeka ananong'ona ndani, halafu kitu kinaburuzwa sakafuni. Kilikuwa kiti. Mlango wa mama una pazia zito la kitambaa. Rebeka alitoa kichwa akasema, "Mama anasema ugeuke, lakini usiinue macho."

Niligeuka. Chini ya pazia, polepole sana, ulitoka mguu.

Sitauelezea. Ulikuwa umeachwa muda mrefu. Harufu ilinifika kabla sijausogelea, nikageuza uso pembeni kwanza. Nasema hivyo ili msinidhanie mtakatifu. Niliushika kisigino nikauweka majini.

Tulikaa hivyo. Nilikuwa naumwagia maji kwa kiganja, bila kusugua. Kisha sauti ikaja kutoka upande wa pili wa kitambaa, karibu sana, sauti ambayo sikuwahi kusemeshwa nayo moja kwa moja.

"Yunis huanza na vidole."

"Sawa, mama."

Nikahamia vidoleni. Baada ya muda akauliza, "Alilia?"

Nilijua anamuulizia nani. "Alilia, mama. Alikuwa na maumivu makali. Alilia usiku na mchana wake. Halafu alinyamaza, akautaja mguu wako, na baada ya hapo hakusema tena kitu cha kueleweka."

Nyuma ya pazia kiti kilisogea.

"Wote waliniambia alilala tu," alisema. "Mathiasi, mchungaji, wote. Alilala kama mtoto. Nilimzaa mimi, namjua, hakuwa mtu wa kulala hivihivi. Nikasema kama hawa wananificha kilio cha mwanangu, basi nina kazi gani nao."

Niliendelea na maji. Na hapo, bila kutaka, kile kilichokuwa kimekwama kifuani mwangu tangu Misungwi kikaachia. Nilijaribu kukizuia, mwanamume mzima, Rebeka amesimama hapo na taulo. Sikuweza. Mabega yalikuwa yananiruka na mguu wa mama mkwe wangu mikononi.

"Lia, baba," alisema. "Pazia lipo."

Naye akalia upande wake.

Kurudi

Nilikaa kule mpaka muuguzi wa zahanati alipokuja mwenyewe kuutazama. Kila asubuhi mguu ulitoka chini ya pazia, na kila asubuhi tulizungumza. Aliniuliza habari za watoto, alinisimulia Yunis alivyokuwa mkaidi akiwa mdogo, alinilaumu kwamba maji ni ya baridi, kesho yake akanilaumu kwamba ni ya moto. Uso wake sikuuona hata siku moja, na heshima ilibaki pale pale ilipokuwa. Baba mdogo nimemweleza hayo. Akauliza kama ninauza pazia la namna hiyo.

Muuguzi alisema nyama mpya imeanza kuja pembeni. Alisema hospitali waende, dawa wasikatishe, lakini kwa sasa hakuna habari ya kukata. Mathiasi alitoka nje akaenda kusimama nyuma ya nyumba peke yake.

Siku moja kabla ya kuondoka, mguu haukutoka. Mama alimwita Rebeka ndani. Nilisikia anamwambia, "Mkwe ana kazi yake Mwanza. Kaa hapa, nikuonyeshe Yunis alivyokuwa anafanya." Beseni na khanga nilimwachia Rebeka. Sikuwa na kazi tena, ndugu zangu, na sijawahi kufurahia kukosa kazi kama siku ile.

Kwenye meli nililala kuanzia Nansio hadi nilipoguswa bega kwamba tumefika.

Sasa mnataka kujua kama mguu umepona. Haujapona kabisa. Wiki iliyopita nilikuwa kibandani natoa mnyororo wa baiskeli ya mteja, Mathiasi akapiga simu kwamba wametoka hospitali na daktari ameridhika. Mama amekwenda kwa miguu yake miwili kutoka kituoni hadi nyumbani, na njiani amewagombeza wote wanaomtaka apumzike. Nilimshukuru Mungu kwa sauti, mteja akanishangaa. Nikataka kukata simu, Mathiasi akasema ningoje.

Simu ilikwaruza, ikahama mkono. Katika maisha yangu mama mkwe alikuwa hajawahi kunipigia wala kushika simu akijua nipo upande wa pili.

"Baba Sara," alisema. "Umekula?"

Jua lilikuwa limeshapita katikati na mikono yangu ilikuwa imejaa grisi. "Bado, mama."

"Acha hiyo kazi. Ukale kwanza."

Nikamwambia mteja arudi baadaye. Nikanawa, nikaenda kula.